Gari la Gadiel wa Kikwe

Ukimwambia Mama Anaeli kwamba gari la marehemu mumewe lilikuwa chakavu, atakubali. Ukimwambia lilitelekezwa, jiandae kutoka mbio.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la wazi, la kufunikwa kwa turubai. Gadiel alilipata kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Turubai lilipochanika akashona jingine la magunia, nalo likavuja vilevile. Gari hilo ndilo lililopeleka maziwa mjini na wajawazito hospitali. Mvua ikinyesha, Mama Anaeli alijibana pembeni, kamshikia mgonjwa mwavuli huku yeye analowa chapachapa. Watu wa Kikwe walicheka sana. Wakiugua, hawakucheka.

Gadiel alipofariki, gari likabaki limeegeshwa kwenye migomba ya nyumbani, hadi akaja tajiri wa mjini, mpenda magari ya zamani. Mjane akamwachia kwa sharti moja tu: popote atakapolionyesha, aseme lilikuwa la Gadiel wa Kikwe. Tajiri akakubali, tena kwa kuapa.

Juzi kaja Msafiri, fundi bodi wa Themi anayelifufua.

"Shikamoo, mama. Gari limependeza kwelikweli! Imebaki shoo ya mbele tu. Bosi anasema iko kwako."

"Marahaba. Ipo."

Shoo, ule wavu wa chuma wa puani mwa gari, ilikuwa mlango wa banda la kuku tangu Gadiel alipogonga ng'ombe wa jirani, ikapinda. Mama Anaeli akachukua nyundo, akaanza kung'oa misumari kwa moyo mweupe.

"Na habari za Gadiel wameziandika?"

Msafiri akatoa simu, akasoma maneno ya kibao cha maonyesho: "Lilimilikiwa na mkulima Mwingereza, kisha likatelekezwa porini miaka mingi, hadi lilipookolewa na mmiliki wa sasa."

"Soma tena."

Akasoma tena, sauti imeshuka.

Hasira ilimpanda Mama Anaeli. Porini! Migomba yake ndiyo pori? Na Gadiel, aliyelala chini ya injini ile mpaka mgongo ukamkatika, hakuwa mtu?

"Mama, mimi fundi tu."

"Najua, mwanangu. Sina ugomvi na wewe."

Akarudishia msumari mmoja mmoja, anagonga kwa nguvu, kuku wanaruka huku na huku. Alipomaliza akautikisa mlango kuona kama umeshika.

"Kamwambie bosi wako, kama gari lilitelekezwa, akamtafute huyo aliyelitelekeza ampe shoo. Hii ni ya Gadiel."