Mtoto Asiyesikia

Juma lililopita, kwenye zahanati moja ya mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, Madagaska, sinia la chuma lilianguka nyuma yetu kwa kishindo. Benchi zima tulishtuka. Binti mmoja wa miaka mitano, aliyekaa kando ya mama yake, aliendelea kumsuka mwanasesere wake.

Muuguzi alisogea akapiga makofi kisogoni pake. Binti hakugeuka.

"Mama, mwanao hasikii," akasema kwa Kikomoro.

"Hasikii kabisa!" mama akajibu. "Kila siku nampiga, na bado hasikii."

"Nasema masikio, mama. Nadhani ni kiziwi."

Mama aliutazama mkono wake, akauficha ndani ya leso.

Wametumwa hospitali kubwa. Miaka mitano ya kuchapwa, wasomaji wangu, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi!