Mpira Uliopita Mbali Nami

Ijumaa ile ya Riyadh naikumbuka hadi leo, mwanangu, maana ndiyo siku niliyosifiwa na kukemewa na mtu mmoja kwa pumzi moja. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado chache. Nimekutangulia kuondoka nyumbani, na hilo linanipa haki kidogo ya kukuketisha hapa unisikilize.

Wakati huo mawakala walikuwa wakitusafirisha kwa makundi kutoka Mombasa na Nairobi. Mimi niliangukia ghala la vigae vya sakafu, nikilala mtaa wa Shumaisi na Wakenya wenzangu. Ijumaa baada ya swala tulicheza besiboli kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya maghala. Usishangae. Wafilipino ndio walioanzisha, Wataiwani wa kiwanda cha jirani wakajiunga, na sisi tukaitwa kwa sababu walikuwa pungufu. Kwanza sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za simuni, nikirudia mkono wa mchezaji mmoja hadi chaji inaisha.

Kocha wetu alikuwa fundi wa mashine, Mtaiwani mwenye kifua kipana na magoti mabovu, tuliyemwita Mzee Hai. Ujanani alikuwa mchezaji wa kulipwa, mmoja wa wale wanaosimama karibu na besi, vile vituo vya kukimbilia, kuzuia mipira inayokimbia chini. Alicheza kwao, kisha akachukuliwa nje, akala mkate wa ugenini kwa glavu yake kabla ya kuja kuula kwa spana.

Mimi alinipa nafasi aliyocheza yeye mwenyewe, kati ya besi ya pili na ya tatu. Na nilikuwa safi. Acha nikwambie ukweli wangu: nilikuwa mtu wa wasiwasi. Kiarabu nilikielewa kuliko wenzangu, lakini sikukisema mbele ya watu mpaka niipange sentensi nzima kichwani, na nikimaliza kuipanga, mazungumzo yameshahama. Uwanjani nilikuwa hivyo hivyo. Msimu mzima sikuwa nimeangusha mpira hata mmoja, na jambo hilo nilitembea nalo kama mtu aliyevaa saa mpya.

Juma, mrushaji wetu, kijana wa Kisauni asiyejua kunyamaza, hakuniacha.

"Bro, hiyo jezi huwa unaifua kweli? Sisi tunaoga vumbi, wewe umekuja harusini!"

Nilijiambia ni wivu.

Basi ikatokea nafasi. Shule moja ya Jidda ilikuwa inatafuta msaidizi wa michezo, na mwalimu wao, Mfilipino, angekuja kutazama mechi yetu na timu ya huko. Nilimwendea kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini nchini. Akanisikiliza, akasema, "Wakikutaka, nitakuachia, ikama yako, kibali cha kuishi, ihamie kwao. Wasipokutaka, halas, basi, usiniletee tena habari hiyo." Kwa hiyo kati yangu na vigae vya miaka mingine kulikuwa na mechi moja tu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari nikamfuata Mzee Hai akifunga mfuko wa mipira. Nilitaka sifa, sitakuficha.

"Mzee, umeona kosa lolote kwangu?"

"Mafi," akasema. Hakuna. "Mikono yako ni mizuri kuliko yangu ya umri huo. Lakini ningekuwa mwalimu yule, nisingekuchukua."

Nilidhani anatania. Akakaa juu ya mfuko, akinyoosha goti.

"Mpira ukiugusa ukauangusha, kosa ni lako, watu wote wameona. Ukipita mbali nawe, nani atakulaumu? Mpigaji ndiye atakayepigiwa makofi. Wewe unauacha upite. Unachelewesha hatua yako ya kwanza, ili ionekane usingeufikia."

Mwanangu, hakuwa anatania. Alikuwa ameona jambo ambalo nilikuwa nimelificha hata kwangu mwenyewe.

"Mwaka wangu wa kwanza ugenini," akaendelea, "niliangusha mpira mbele ya uwanja mzima. Wakanizomea kwa lugha nisiyoijua, lakini kuzomewa hakuhitaji mkalimani. Toka siku hiyo nikachagua mipira. Nikamaliza msimu msafi kabisa. Hawakunipa mkataba mwingine. Meneja aliniambia, 'Sikukuleta kutoka mbali kote huko uje kusimama.' Timu iliyonichukua baadaye ilikuwa ndogo, na huko niliangusha mipira mingi. Nikadumu nao mpaka magoti yalipokataa." Akainuka. "Yalla, beba mfuko."

Jidda ilikuwa na joto la kushikamana na ngozi, hata glavu ililowa. Yule mwalimu alisimama pembeni, kofia usoni, hacheki wala hanuni. Haukupita muda, mpira ukakatiza upande wangu wa kulia, mbali, ule ambao siku zote niliuaga kwa macho. Nikauendea. Nilijirusha, ukanigonga kwenye glavu, ukatoka. Mtu wao akafika besi ya nyumbani, wakapata pointi, na mimi niko kifudifudi, mdomo umejaa majani.

"Alhamdulillahi!" Juma akapiga kelele. "Leo sabuni itatumika!"

Watu walicheka. Na usidhani nilipata ushujaa wa ghafla. Mpira wa pili ulikuja karibu pale pale, na bado niliogopa. Nikauendea na hofu yangu. Huo niliudaka, nikaurusha nikiwa nimepiga magoti, na mkimbiaji wao akakutwa bado hajafika besi, akatolewa.

Tulishindwa mechi. Baadaye mwalimu akaniita, akaniuliza kama mpira ule wa kwanza nilitegemea kuupata. Nikamjibu kwa Kiarabu changu kilichovunjika, bila kuipanga sentensi kichwani, "Sikujua. Nilikwenda kujua." Akaniambia watoto wake wanaogopa mpira, na anataka mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuanguka. Kafili alitimiza neno lake, ingawa kwa kujivuta, na Jidda nikakaa miaka yenye heri.

Sasa nikuase. Unakwenda ugenini, na utatamani pasiwe na mtu wa kukunyooshea kidole. Ukijikunyata vya kutosha, utafanikiwa: hawatakunyooshea kidole, wala hawatakuita. Jifunze kazi yako sawasawa, usiwe mzembe ukasema mimi ndiye niliyekutuma. Ila ukishajifunza, jiendee kwenye lile gumu lililo nje kidogo ya mkono wako. Ukiliangusha, inuka hapo hapo, maana jingine liko njiani. Mimi bado naogopa hadi leo. Nimezoea kutangulia, hofu inifuate.

Nenda, mwanangu. Mola akukutanishe na watu wa kukwambia kweli kwa upole, akulindie afya yako, na akurudishe kwa mama yako ukiwa na mengi ya kusimulia.