Beseni la Udongo Sebuleni

Chwaa. Ndivyo ilivyolia kandambili ya bibi ilipokanyaga mkojo, asubuhi na mapema, katikati ya sebule yetu, mtaani Rasbura. Mpaka leo nikisikia mtu kakanyaga maji mahali, natafuta ndoo. Bibi alisimama vilevile, mguu mmoja mbele, mkono umeshika ukuta, kama anayesubiri apigwe picha. Kisha akasema taratibu, kwa utani wake wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, njoo uone mgeni wako alivyotuamsha."

Nilishatoka chumbani na ndoo. Siku hizo nilikuwa naamka na ndoo mkononi kama wenzangu wanavyoamka na simu.

Bibi huyu ndiye mzaa mama, na naishi naye tangu nilipoachia shule kidato cha pili. Goti lake la kushoto limekufa nguvu, kwa hiyo anasali amekaa kwenye kiti. Kiti kiko sebuleni, juu ya mkeka wake, kwa sababu ndipo penye nafasi. Vyumba vyetu ni viwili tu, na cha bibi kimejaa kitanda. Sebule ile ni sebule kwa wageni, lakini kwake ni msikiti. Hilo nililijua tangu mwanzo, siwezi kusema sikujua.

Mtoto wa mbwa aliletwa na mjomba. Mjomba analima kijijini Kilangala, mikorosho na mihogo, na kule bila mbwa unawalimia nguruwe pori na ngedere. Mbwa wake jike aliumwa na nyoka akafa, akaacha mtoto mmoja asiyejua hata kulamba uji. Mjomba akamtia kwenye pakacha, akamfunga nyuma ya pikipiki, akatuletea.

"Mleeni huyu mpaka akaze miguu," alisema. "Kule hana mama, hatapona. Mtoto aliyemtangulia alimezwa na chatu, tulimtambua kwa umbo la tumbo."

Bibi aliangalia ndani ya pakacha muda mrefu. Yule mdogo alikuwa rangi ya muhogo uliokaangwa, masikio makubwa kuliko akili. Bibi akatoa masharti yake. Asipewe jina, maana ukimpa mnyama jina umemfanya mwanao. Asivuke pazia la chumba chake. Na popote atakapochafua, paoshwe inavyotakiwa.

Inavyotakiwa maana yake ni hii, kwa asiyejua: najisi ya mbwa kwetu haiondoki kwa kufuta na kitambaa. Unaondoa uchafu wenyewe, halafu unaosha mara saba, na mojawapo maji yanachanganywa na udongo safi. Kisahani akilamba, mara saba. Sakafu akikojoa, mara saba. Na yule mtoto, jamani, alikuwa kama bomba lililokatika.

Kwa nini hakulala nje? Ua wetu wa makuti ulikuwa umelala upande mmoja, na mbwa wa mtaani wanapita wanavyotaka. Nilimtengea boksi karibu na mlango wa uani, nikamtandikia khanga iliyochakaa. Udongo wenyewe bibi alinielekeza pa kuuchota, juu kule kilimani pasipopita mbuzi wala watu. Nikaujaza kwenye beseni kubwa, mwekundu, mzuri, ungedhani unga wa ulezi. Beseni nikaliweka hapohapo mlangoni, ndani, mvua isilifikie, ili nisihangaike kila likitokea la kutokea.

Mimi ni mtu wa ndoto, nilizaliwa hivyo. Wiki ile ya kwanza nilishajiona natembea naye barabara ya ufukweni, amevaa mkanda mwekundu, watu wanaulizana yule dada ni nani. Nilishaona nyumba yangu yenye vigae na geti, na yeye amekaa getini kama askari. Kwenye simu niliona video ya mbwa wa Ulaya anagonga kengele kwa mguu akitaka kwenda kujisaidia. Nikasema, kengele sina, lakini mlango ninao, na subira ninayo.

Basi nikaanza shule. Kila akiamka, kila akimaliza uji, nambeba mpaka kwenye mpapai uani, namweka kwenye udongo mwekundu wa shinani, namwambia, "Haya, kojoa." Anazunguka, ananusa, anakojoa. Nampa kichwa cha dagaa na sifa nyingi. Alijifunza upesi mno. Nikamwambia bibi huyu ana akili kuliko nusu ya darasa letu.

Akiingia ndani, anakojoa tena. Si pote. Ni pale karibu na mlango wa uani, au mahali nilipotoka kuosha jana. Mimi moyo wangu mwepesi, nikasema masikini, anajitahidi kutoka, anachelewa. Nikawa nampongeza kwa kukaribia mlango. Halafu nachukua ndoo.

Maji Rasbura ni ya mgao. Siku yasipotoka nakwenda kuchota kwa jirani yetu wa upande wa pili wa ua, mama wa Kimakonde mwenye kisima na mdomo.

"Leo tena?" ananiuliza, ananiangalia navuta kamba. "Huyo mbwa wenu sakafu yake inaoga kuliko mimi."

"Ni mtoto, mama."

"Kwangu wapo watatu. Wanalala nje, wanakojoa duniani. Dunia haijalalamika."

Bibi alimsikia kutoka barazani. "Ndiyo maana chai nainywa kwangu, si kwako."

"Na sukari unaiomba kwangu," jirani akajibu, na wote wawili wakacheka. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka. Mabega yalikuwa yanawaka. Nilikuwa nauza barafu za ubuyu kwa wanafunzi, na maji ya barafu yakawa yanaishia sakafuni. Mara nyingine nilisinzia nimeshika fagio, nikazindukana sikumbuki nimeshaosha mara nne au tano, nikaanza upya. Bibi alikuwa ananiona. Alianza kukunja pindo la gauni lake kila akivuka sebule, hata pakiwa pakavu. Alikuwa akimaliza kusali anaangalia chini, anawaza, anasali tena. Mtu wa umri ule, na goti lile.

Siku mambo yalipoharibika, mlango wa uani ulikuwa wazi kabisa. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililoniuma. Jua la asubuhi limeshaingia ndani, bibi yuko kwenye kiti anavuta uradi, mimi nafungasha barafu. Yule mdogo akaamka, akajinyoosha, akaupita mlango ulio wazi kama haupo. Akaenda kwenye beseni. Akapanda, mguu wa mbele, mguu wa nyuma, mpaka akawa mzima ndani ya udongo. Akazunguka. Akachuchumaa. Alipomaliza akaniangalia mimi, mkia unakwenda, anasubiri kichwa cha dagaa.

Tasbihi ya bibi ilisimama.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikainama nikachimbua kwa kidole. Juu mkavu, chini umeshikana, na harufu yake sihitaji kuieleza.

"Kwa hiyo muda wote huu," alisema pole pole, "tunaosha najisi kwa najisi."

Angenigombeza ningepumua. Aliinuka, akajikongoja kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake na kuteremsha pazia. Adhuhuri nilimsikia anasali mle, amekaa ukingoni mwa kitanda. Kila akiinama kitanda kinalia. Nilisimama nje ya pazia na ndoo tupu nikiwa sijui niipeleke wapi.

Alipotoka alisema neno moja refu. "Mimi sichukii kiumbe cha Mungu. Lakini nimebakiwa na sala tu, mjukuu wangu. Kulima siwezi, kutembea siwezi. Nataka kusali bila kuwaza nimekalia nini. Mpigie mjomba wako. Ijumaa aje amchukue."

Nikampigia.

"Ni mdogo bado huyo," mjomba alisema.

"Najua, mjomba."

"Basi. Mungu atamwangalia."

Mjomba akimwachia Mungu jambo, ujue yeye mwenyewe hatafanya kitu. Nilikata simu nikamtazama yule mdogo amelala chali kwenye boksi, tumbo limejaa uji. Nikalifikiria lile tumbo la chatu.

Jioni ile nilipanda kilimani kuchota udongo mwingine, nikamwaga ule wa kwanza mbali, nikaosha sebule nzima kutoka ukuta hadi ukuta. Nilipomaliza nikakaa kizingitini, miguu nje, mgongo ndani. Sikuwa nafikiria chochote. Nilikuwa nautazama tu mkono wangu uliojaa udongo mwekundu, halafu nikautazama udongo wa chini ya mpapai. Ni uleule. Rangi ileile, na harufu ileile ya mvua ya kwanza.

Nikaanza kucheka peke yangu, cheko la mtu aliyechoka, halina sauti. Nje namweka juu ya udongo, namwambia kojoa, nampa dagaa. Kisha narudi ndani namletea udongo beseni zima, naliweka mlangoni. Akikojoa sakafuni, napasugua kwa udongo, chembe zinabaki kwenye nyufa za sementi, na kesho anaifuata harufu. Mtoto wa watu hakukosea hata mara moja. Alikuwa anatii.

Nikamweleza bibi pale pale. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe mwanafunzi kafaulu. Mwalimu ndiye kafeli."

"Niache mpaka Ijumaa, bibi."

"Ijumaa ni Ijumaa."

Udongo nikautia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaupandisha juu ya paa la banda la kuku. Nyufa za sementi nikazichokonoa kwa njiti za ufagio, moja moja, nimelala kifudifudi kama fundi. Nikapamwagia maji mpaka yakatoka meupe. Hata hivyo kesho yake alikojoa tena, pembeni ya kandambili zangu. Nilitaka kulia. Nikazigeuza, nyayo zimejaa udongo wa uani. Tangu hapo viatu vyote vikabaki nje, hata vya wageni, na jirani aliyekuja kuomba kiberiti akasema nyumba yenu imekuwa msikiti wa kweli sasa. Siku zilizobaki nilimfuata yule mnyama nyuma kama deni. Akinusa, nambeba. Akizunguka, nambeba. Nilikuwa nakula nimesimama.

Ijumaa mjomba alikuja baada ya sala, pakacha tupu limefungwa nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Vua viatu."

Akavua, akanitazama kuuliza kuna nini. Nikampa kigoda. Yule mdogo alikuwa amelala. Tulikuwa watu watatu wanaomtazama mbwa. Mjomba akauliza mihogo ya mtaani bei gani, macho yetu yakabaki kwenye boksi.

Yule mdogo akaamka. Akajinyoosha. Akashika njia ya kwenda pale lilipokuwa beseni, moja kwa moja, pua chini. Akanusa sakafu huku, akanusa kule. Akazunguka mara moja. Mikono yangu ilitaka kwenda kumbeba, bibi akaniangalia, nikaikalia.

Akasimama, kama mtu aliyefika dukani akakuta limehama. Kisha akageuka, akavuka kizingiti kwa kujirusha maana kilikuwa kirefu kwake, akaenda mpaka kwenye mpapai. Tulimwona wote kupitia mlangoni.

Mjomba akapangusa jasho. "Yaani nimetoka Kilangala na mafuta yangu kuja kutazama mbwa anakojoa."

"Na umemwona," bibi alisema. "Kunywa chai urudi."

"Si ulisema nimchukue, mama?"

"Nilisema nataka kusali. Leo adhuhuri nimesali hapa kwenye kiti changu, na sikurudia. Mwache mpaka korosho zianze kuanguka. Akienda sasa, huyu mjukuu wangu ataniangalia kwa jicho la chatu mwaka mzima."

Mjomba akacheka, akanywa chai, akaondoka na pakacha lenye mapapai mawili. Bibi akasema goti limemchoka, akaingia kulala. Yule mdogo alishajikunja zamani kwenye kivuli cha ukuta uani, hana habari kuwa alikuwa kwenye kesi.

Nilitegemea nitafurahi. Labda nilifurahi, lakini furaha ilikuwa mbali, kama muziki wa harusi ya mtaa wa pili. Nilichokisikia karibu ni mgongo, viganja, na macho yanayotaka kufumba. Barafu zilikuwa hazijafungwa, vikombe havijaoshwa. Nikavisogeza vikombe pembeni kwa mguu. Nikatazama pazia la bibi, halikutikisika. Kisha nikajilaza kwenye ile sementi kavu ya sebuleni, bila mto wala khanga, nikaliweka shavu chini, bila kuwaza nimelalia nini.