Panya wa Chumba cha Seva

Hospitalini wananiita Injinia, na sijawahi kumsahihisha mtu. Kazi yangu ni kulinda seva mbili zinazotunza mafaili ya wagonjwa. Zimeunganishwa kwa waya mmoja, na kila sekunde kila moja huiambia nyingine kwamba ingali hai. Hayo ndiyo mapigo yake ya moyo. Yakikatika, iliyobaki inajua mwenzake amekufa na inashika usukani.

"Na ukikatika waya wenyewe?" bosi wangu, mama asiyecheka kabla ya saa nne, aliniuliza. "Si kila moja itadhani mwenzake kafa? Funga ile mashine ya tatu nayo ipige kura. Bila akidi ya wawili, asitawale mtu."

Nikaitikia. Mashine ya tatu ilibaki ndani ya boksi lake, nami nikalifanya meza ya chai. Kwenye mpangilio wa akidi nikachagua: puuza. Kichwa kilikuwa kimenivimba.

Wiki mbili baadaye mama yangu mzazi alikuja kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto. Nikataka ajue amezaa nani. Nikaisimamisha simu juu ya boksi, nikasimama mbele ya seva, nikakunja uso kama msomi, nikarudi nyuma kidogo ili taa zote zionekane. Mguu ukavuta kitu. Sikujali, nikajipiga picha, nikamtumia.

Kila seva ikatangaza msiba wa mwenzake, zote zikatawala. Mapokezi kuna madirisha mawili, na kila dirisha likawa linaandika kwenye seva yake. Namba arobaini na moja wakapewa watu wawili: mama yangu, na seremala mmoja wa jicho la kulia. Skrini ya chumba cha upasuaji ikaonyesha faili la seremala.

Muuguzi alipoinama kumtia dawa kwenye jicho la kulia, mama akamshika mkono.

"Hilo ndilo linaloona, mwanangu."

"Mama, skrini inasema kulia."

"Skrini ni mmoja, na mimi ni mmoja. Niitie wa tatu."

Wa tatu alikuwa daktari aliyempima. Akasema kushoto. Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, akawa ameweka akidi kabla yangu.

Niliitwa kwa bosi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Bosi akauliza waya umekatwa na nini. Injinia mzima nikajibu, "Panya."

Ikanunuliwa mitego mitano. Mashine ya tatu nikaifunga siku ileile, na chai nikanywa nimesimama. Nyumbani nilisimulia habari za panya huyo mpaka akawa na mkia wa futi moja.

Baada ya wiki mama alifunguliwa bandeji. Nilikuwa nimeketi kando yake. Aliniangalia, akasema nimenenepa, kisha akaomba simu yake aione ile picha niliyomtumia. Akaikuza kwa vidole viwili, akaiteremsha polepole kutoka usoni hadi miguuni, pale waya uliponizunguka kifundo.

"Mwanangu," akasema, "huyu panya wenu anavaa viatu vyeusi?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata mlangoni. Mama akanipa simu yake.

"Haya. Mpigie bosi wako, nasikiliza."