Mgongo wa Oposamu

Mwezi uliopita nilipita Reynoldsburg, nikakuta daraja la mbao la kijito chetu limeng'olewa, limewekwa la chuma. Nilisimama hapo na mwanangu kwenye kigari chake, nikamkumbuka bibi yangu. Kaa, nikusimulie.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Tulipotoka kambi ya wakimbizi, mimi, wazazi wangu na bibi tuliletwa hapo Reynoldsburg, Ohio. Shangazi, binti wa pekee wa bibi, alikuwa ameshaolewa, kwa hiyo yeye na mumewe wakapelekwa Australia. Jumamosi, wazazi wakiwa kazini kwenye ghala la mizigo, bibi alikaanga mandazi, akanipa mawili ya moto, tukashuka kijitoni. Usidhani alipenda matembezi. Alikwenda kutafuta la kumjibu binti yake.

Maana shangazi naye alitembea kando ya kijito cha kwao kila asubuhi, kisha akatutumia sauti yake kwa simu. Leo nimeona kangaruu kabeba mtoto kwenye mfuko wa tumbo. Leo kuna ndege anacheka kama mlevi. Leo nimeona mnyama wa manyoya mwenye mdomo wa bata. Bibi alisikiliza akitikisa kichwa.

"Ule mutoto anapenda kudanganya," alisema, kisha akasikiliza tena.

Sisi tulimjibu kwa korongo, kwa kobe waliojipanga juu ya gogo, na kwa kulungu aliyetutazama kama wageni wasioalikwa.

Kisha shangazi akajifungua, na habari za wanyama zikakatika. Kwetu, mtoto wa kwanza hufungwa mgongoni na bibi yake, koko kama tunavyomwita. Mama akitangulia kumfunga mwenyewe, wazee husema mtoto atateleza. Bibi aliimba kanisani kuliko wote, lakini hilo aliliamini, na bintiye alilirithi kwake. Basi shangazi alimbeba mtoto mikononi kutwa, mikono ikafa ganzi, asithubutu kugusa kitenge. Matembezi yakamshinda. Mumewe alikuwa kazini, na nauli ya ndege hakuna aliyethubutu hata kuitaja. Bibi alihuzunika sana. Nilijua kwa sababu mandazi yalianza kuungua.

Jioni moja ya Mei tulikuwa tunarudi nyumbani, akatokea oposamu kwenye majani, mnyama wa ukubwa wa paka mwenye mkia wa panya, anatembea polepole, watoto wamemng'ang'ania mgongoni. Bibi akanishika bega tusimame. Nikamnong'oneza alichotufundisha mwalimu, kwamba huyu naye huwalea kwanza kwenye mfuko wa tumbo, kama kangaruu. Bibi akacheka peke yake. Oposamu alipopotea vichakani, akaniomba simu.

"Bon, mama," alimwambia bintiye, "haukunidanganya. Na huku tuko na nyama ya mfuko. Nimeiona, batoto yake iko mu mgongo, na hakuna koko mwenye alimufungia. Donc, funga mutoto. Mimi njo nasema."

Alirudisha simu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

Siku mbili zikapita. Kisha ikaja sauti ndefu ya shangazi, ila hakuwa anaongea. Tulisikia nyayo kwenye majani makavu, maji, yule ndege akicheka kwa mbali, na karibu kabisa, mtoto anakoroma. Mwishoni kabisa ndipo akasema, "Mama, hajateleza." Bibi aliirudia ile sauti mpaka simu ikazima.

Bibi hayupo tena. Shangazi ana gari sasa, kijito anakitazama tu dirishani akipita. Kwenye kijito chetu vichaka vimefyekwa, wamejenga nyumba za kupanga, na oposamu sikumwona. Mwanangu alipozaliwa, mama yangu alitoka kazini amechoka, akaninunulia kigari kizuri, na hakuna aliyeuliza nani wa kumfunga. Hata mimi sikuuliza. Kitenge cha bibi nilikuwa nimemtandikia mtoto kigarini, kizuie maziwa yasichafue kiti.

Nilikivuta, nikakikunja begani, nikampigia mama simu. Nikamwambia akitoka kazini asiende nyumbani kwanza, apite kijitoni, kuna mjukuu wake hajawahi kufungwa mgongoni.