Ng'ombe Wangu Hakukamuliwa

Bandugu, leo nilitolewa kwenye mashindano kwa ulimi wangu mwenyewe.

Munamujua Mauwa, ng'ombe wangu. Tangu jana asubuhi sikumukamua. Shemeji Kalenga ndiye alinishauri: "Acha kiwele kijae. Baamuzi batakiona kikubwa, batakupa zawadi ya kwanza."

Nikamusikiliza.

Leo tukapanga mustari kwenye maonyesho ya mifugo, njia ya Mutoshi. Kiwele kilikuwa kimekaza, maziwa yanadondoka yenyewe. Mauwa alitanua miguu ya nyuma, akakataa kutembea. Bantu banamusifu.

Mwamuzi, mama mumoja daktari wa mifugo, akafika kwetu. Akagusa kiwele polepole. Mauwa akalia.

"Mama, ulimukamua lini?"

Shemeji akaniwahi, akamuita kwa heshima: "Asubuhi hii, sitwayeni."

Ningeweza kunyamaza. (Semeni kweli, ninyi mungesema?)

Lakini Mauwa alikuwa anatetemeka, mukono wangu juu ya mugongo wake.

"Hapana," nikasema. "Jana asubuhi."

Shemeji akaangalia viatu vyake.

Nilidhani mama yule atanifokea. Akaomba tu ndoo. "Umukamue sasa. Jina lako ninalifuta."

Nikachuchumaa mbele ya bantu wote, nikakamua, machozi yananishuka. Mauwa akapumua kwa nguvu, akatulia.

Nilipoinuka, tata mumoja, mwanaume mwenye ng'ombe wa pembeni yangu, akainama karibu na sikio langu.

"Mama," akanong'ona, "unipe ile ndoo. Hata wangu, tangu jana asubuhi."