Mkufu Ulionasa kwenye Sufuria ya Bukari

Jamani, aibu hii ningekuwa na uwezo ningeifukia, lakini walioiona ni wengi mno, na wengine wamerudi nayo mpaka Kasaji, kwa hiyo ni heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa ile iliyotiwa chumvi.

Mnajua mimi hutengeneza mapambo, hereni, vikuku na mikufu inayofanana na kioo kilichoyeyushwa, ile ya bei ambayo wake za wakubwa huinunua Lubumbashi. Kumbe yangu ni vifuniko vya keki. Ndiyo, vifuniko! Jirani yangu Mama Tshibola huoka keki za harusi, na ile plastiki ngumu inayong'aa anayofunikia vipande, ukiisugua kwa msasa, ukaipaka rangi, ukaikata umbo unalotaka na kuitia kwenye tanuri lake la umeme, inaanza kujikunja na kujinyonganyonga mpaka unadhani imeharibika, halafu inatulia, inalala chini, imekuwa ndogo na nene na ngumu. Unapaka vanishi na kubandika vipande viwili juu ya kimoja, basi hata mimi mwenyewe huwa nasahau kwamba jana kilifunika keki.

Sasa mdogo wangu Ngalula akapata mchumba, kijana mpole wa Kasaji, na wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kumwona bibi harusi akisonga bukari (ugali wetu) mbele yao kabla ya kusema neno la mwisho. Kwetu hilo si mchezo. Watu wa Kasaji wanalima mahindi yao wenyewe, na walishasikia kwamba wasichana wa Kolwezi, hasa sisi tuliotoka Kasai ambao babu zetu waliletwa kufanya kazi ya mgodi, tumezoea kula mkate wa kununua. Ngalula akawa hapati usingizi. Kila siku anasonga, kila siku sisi tunakula, mpaka baba akaomba ahurumiwe, apewe wali.

Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, mkufu. Nikatengeneza shanga za rangi ya buluu na kijani kama jiwe la shaba, zikaiva vizuri, kikabaki kile kidani kikubwa cha katikati. Nimekiweka tu mezani kwa Mama Tshibola, umeme ukakatika. Tukangoja. (Nyie mnajua kungoja umeme mtaani kwetu Kasulo.) Asubuhi ya wakwe haujarudi, na mimi nakiangalia kile kidani kibichi, kikubwa kama kisahani cha chai, chembamba, kinang'aa, nikajiambia hivi nani atajua? Tena kikiwa kikubwa ndiyo kinaonekana zaidi! Nikakipaka vanishi hivyohivyo, nikakitunga kwenye uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, nikamvisha mdogo wangu bila kumwambia kitu.

Wakwe wakafika. Baba mkwe, kabla ya kukaa, akagonga ardhi kwa kisigino, maana huku Kasulo watu wamechimba madini mpaka chini ya vitanda vyao na mgeni mwenye akili haketi ovyo. Tukamhakikishia kwamba lupango yetu, yaani uwanja wetu, haina shimo. Mama mkwe, Mama Kayombo, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akaketi kimya. Pembeni yake wifi yake, tuliyeambiwa tumwite Tantini Kaseya, yaani shangazi, akaketi kwa namna ya mtu aliyekuja kutafuta kosa.

Mbabula, jiko letu la makaa, ikawashwa, makaa mekundu kabisa, sufuria kubwa juu yake, maji yanachemka, Ngalula anafunga kitenge vizuri. Mama Kayombo akamwangalia shingoni.

"Mwanangu, toa kwanza ile mukufu. Moto itaiharibisha."

Jamani, hapo ndipo Mungu alinifungulia mlango wa kutokea, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu. Ngalula ameshainua mikono avue, nami nikarukia mbele nikitabasamu:

"Hapana mama, aache tu! Iko kioo. Ilizaliwa mu moto, haiogope moto."

Sijui hata nani aliniuliza. Ngalula akashusha mikono, akachukua mwiko, akaanza kusonga, na nawaambieni ukweli, alisonga kama mashine, unga unaingia, mwiko unazunguka, Tantini Kaseya amekunja midomo kwa sababu hajapata kosa. Bukari ikaanza kukaza. Ikikaza lazima uiname, uweke nguvu ya mabega, naye akainama, na kile kidani changu kibichi kikaning'inia mbele, kikagusa ubavu wa sufuria.

Kikaiva. Pale pale. Nilikiona kinasinyaa na kujikunja kama jani lililotupwa motoni, kisha kikajibandika kwenye sufuria, na uzi mfupi ule ukamvuta mdogo wangu shingo chini. Akawa ameinama, hawezi kuinuka. Na mkono, masikini, unaendelea kusonga!

"Muangalie heshima ya uyu mutoto," Mama Kayombo akasema, amefurahi kweli. "Hanyanyue hata macho mbele ya bakubwa."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Baba yangu akavimba kwa fahari. Mimi jasho linanitoka, kwa sababu heshima ile ilikuwa inazidi kurefuka, na uso wa Ngalula ulikuwa juu ya mvuke, na nikasikia sauti yake nyembamba ikiniita mimi yaya, yaani mkubwa wake, nisogee:

"Yaya, kuya. Mukufu ilishikama ku nyungu."

Mtu mwenye akili angechukua mkasi. Mimi nilikwenda nikijifanya namfuta jasho, nikashika uzi, nikavuta. Uzi wa nailoni huo umetengenezwa kumshinda samaki mkubwa, utakatika kwa mkono wangu? Nikavuta tena kwa nguvu, mbabula ikayumba, sufuria ikalala ubavu, na bukari yote, bukari laini isiyo na bonge hata moja, ikamwagika kwenye vumbi la Kasulo. Hapo sasa uzi ukakatika. Shanga zikatawanyika mpaka chini ya viti vya wakwe.

"Mi nilisema," Tantini Kaseya akaanza, na safari hii alikuwa na haki yake. "Bana ba Kolwezi banajua kula mukate tu. Twende, twende!" Akainuka kabisa, akajifunga kitenge upya kama mtu wa safari. Ngalula amesimama na mwiko mkononi, machozi yanatiririka, shingo ina mstari mwekundu, na hakunitaja. Hakusema "ni yaya." Hilo sitalisahau mpaka nakufa. Mchumba wake naye anamtazama mama yake, anangoja neno.

Nikapiga magoti penye vumbi na bukari.

"Mama, kosa ni yangu. Si kioo. Ni kifuniko ya keki, na sikuipika."

"Kifuniko ya nini?"

"Ya keki, mama."

Mama Kayombo akasogeza kiti mbele. Halafu akasema, "Onyesha."

Nikakimbilia ndani nikaleta kifuniko, nikakata umbo la jani, nikaliweka juu ya bati kwenye makaa yaliyobaki. Jani likajikunja, likajinyonganyonga, baba mkwe akashtuka akarudisha kiti nyuma, kisha likatulia, likalala, dogo na nene. Nikalitoa kwa kisu nikalitia majini. Likapita mkono kwa mkono. Likafika kwa Tantini Kaseya, ambaye alikuwa bado amesimama, akaligeuza, akaligonga kwa ukucha, akaketi.

"Rudia tena," akasema.

Hapo ndipo Mama Kayombo alipocheka, kicheko cha tumbo zima, mpaka akashika goti. Akainuka (na kwa desturi mama wa bwana harusi siku hiyo hagusi hata kijiko), akachukua vitambaa viwili vya kushikia sufuria, akamwambia Ngalula:

"Leta maji ingine, mwanangu. Tutapika ingine, mi nitashika nyungu. Siku yangu, bukari ilitoka mabonge-mabonge. Mama-mukwe yangu akakula, akanyamaza. Leo njo zamu yangu ya kunyamaza."

Mimi nililia. Siyo kwa aibu, hiyo ilishapita. Nililia kwa shukrani, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amekaribia kukataliwa kwa sababu ya kidani kibichi, na mwanamke aliyekuwa na haki ya kuondoka alikuwa anainama na mgongo wake mzito kutushikia sufuria. Ile bukari ya pili ilikuwa na majivu kidogo, na wote waliila.

Ngalula sasa ni mke wa mtu Kasaji. Mimi bado natengeneza, na nimeapa: kila mteja, kabla hajauliza chochote, ninamwambia hii ni plastiki, ilikuwa kifuniko cha keki, usiisogeze kwenye mbabula.

Isipokuwa mtu mmoja. Siku ile Mama Kayombo alikikwangua kile kidani kwenye sufuria kwa kisu, kimejikunja, kina masizi upande mmoja, akakifunga kwenye pembe ya kitenge. Siku ya harusi alikivaa kifuani. Akina mama wa kwaya yetu wakamzunguka, wakamuuliza ni kitu gani kizuri hivyo.

"Ni kioo," akasema.

Nikafungua mdomo, si nimeapa? Akanigeukia, akaweka kidole juu ya midomo yake.

"We, nyamaza."

Nikanyamaza.